Ufunguo wa Tangi la Wenye Bati

Lulindi, Masasi
3 Septemba 1956

Mpendwa Dunstan,

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kudhani kwamba mtu anayefanya kazi bila mshahara hana anachokipata. Kila mtu hupata kitu. Anayelipwa tunajua anapata nini, kwa kuwa tuliafikiana naye mbele ya mashahidi. Asiyelipwa hujilipa mwenyewe, nasi hatujui kwa kitu gani. Nimefundisha miaka thelathini na miwili, na mtoto aliyenitia wasiwasi hakuwa yule aliyekataa kufuta ubao. Alikuwa yule aliyeng'ang'ania kuufuta kila siku.

Nakuandikia habari za Mama Mabel.

Wewe umekaa Newala miezi minane tu, tangu dispensari ilipokuhamisha kutoka Chidya nami nikakupa ile nyumba yangu uilinde. Acha nikueleze tangu mwanzo. Unajua uwanda wetu wa juu hauna mto wala kisima. Maji ni ya mvua, au ni ya kuyafuata bondeni, kushuka asubuhi na kupanda jua likiwa utosini. Mabomba tunayoahidiwa bado hayajatufikia. Ndiyo maana mwaka wa hamsini na moja sisi wenye nyumba tisa za bati tulianzisha chama, tukajenga tangi la saruji, na kila paa likafungwa mlizamu wa kuleta maji tangini. Kanuni niliiandika mimi kwa mkono wangu: mwenye bati huchangia maji ya paa lake, kwa hiyo huteka, madebe mawili kwa siku. Mwenye nyasi hachangii hata tone, kwa hiyo hateki. Kanuni isiyo na mlango wa nyuma haigombanishi watu.

Tulikubaliana pia kwamba viongozi wasilipwe. Mimi mwenyekiti silipwi. Mama Mabel alipofiwa na mumewe aliomba ashike ufunguo, na kwa miaka minne amefungua tangi kila alfajiri na kila alasiri. Nilimpelekea sabuni mche mmoja, akairudisha. Nilimpelekea sukari, akaigawa kwa watoto. Dunstan, mtu anayerudisha sabuni katika dunia hii ya leo, anaosha nini?

Uliniandikia mwezi uliopita kwamba maji yanashuka haraka. Fundi Muharami, aliyelijenga tangi, anaapa kwamba halivuji. Basi fanya hivi. Kata ufito mrefu, uutie alama kwa kisu, uuteremshe tangini kila Jumamosi mbele ya macho yako mwenyewe. Nyumba tisa, madebe kumi na manane kwa siku, hesabu ya darasa la nne. Usimwambie mtu.

Mwalimu wako,
Bartholomayo


Newala
16 Septemba 1956

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Barua yako imenifikia kwa lori la Masasi, ikiwa imelowa mafuta ya taa lakini inasomeka.

Nimepima Jumamosi mbili. Kwa juma hilo moja maji yameshuka upana wa kidole kimoja zaidi ya inavyopasa. Nimepiga hesabu mara tatu. Hayo ni kama madebe mawili ya ziada kila siku.

Jumapili iliyopita sikwenda kanisani, mguu ulikuwa ukiniuma. Nikiwa barazani kwako, watu wote wakiwa kwenye sala, nilimwona Mama Mabel akifungua tangi peke yake. Alijaza debe, akajitwika, akapita nyumba ya mwisho, akaingia kwenye mikorosho upande wa njia ya Makote. Baada ya muda mfupi alirudi na debe tupu, akajaza tena, akaenda tena. Sikumfuata. Kijana kumfuata mjane vichakani, Mwalimu, watu wangesema jingine kabisa.

Lakini nilifikiri. Mabibo yameanza kuiva. Wapika pombe wa huko ndani wanahitaji maji mengi, hasa hao wanaopika nipa, gongo ya mabibo, maana bila maji ya kupoza mvuke hawapati kitu. Mtu mwenye ufunguo wa tangi wakati wa kiangazi ni tajiri kwao.

Nilimtafuta Fundi Muharami nimchunguze kwa hekima. Alikuwa anakoroga saruji.

Nikamwuliza, "Fundi, tangi linavuja?"

"Tangi langu halivuji. Midomo ndiyo inavuja."

"Basi maji yanakwenda wapi?"

"Yanakokwenda maji yote. Kooni."

"Koo la nani?"

Akasimamisha koleo, akaniangalia. "Mwanangu, wewe unakaa nyumba ya nani?"

"Ya Mwalimu."

"Basi kanywe maji ya Mwalimu, ulale salama."

Akacheka, na wasaidizi wake wakacheka. Naona huyu naye yumo. Nauliza tu: si ingekuwa bora tukamwajiri mtu kwa mshahara mdogo, mtu wa kuweza kuulizwa na kufukuzwa? Yupo Isaka, kijana mwaminifu, ameacha kazi ya mkonge na anatafuta shughuli. Si ndugu yangu, usije ukanishuku na mimi.

Mwanafunzi wako,
Dunstan


Lulindi
21 Septemba 1956

Mama Mabel,

Salaam nyingi. Natumaini wewe na Mabel mu wazima. Hapa tunaendelea vizuri, mke wangu anakusalimu.

Nakuandikia kama mwenyekiti, si kama mtu mwenye ugomvi. Katika kazi ya umma ni vizuri maswali yaulizwe mapema, wakati bado yana adabu. Naomba unijibu haya saba. Ufunguo unalala wapi? Je, uliwahi kumpa mtu mwingine? Kifuniko hufungwa kila mara? Je, kuna nyumba inayoteka zaidi ya madebe mawili? Jumapili tangi hufunguliwa saa ngapi? Kwa nini hupokei hata kipande cha sabuni? Na maji yanayopungua kuliko hesabu yanakwenda wapi?

Usikasirike. Daktari anayekuuliza unaumwa wapi hakutukani.

Wako katika kazi,
Bartholomayo, Mwenyekiti


Newala
27 Septemba 1956

Kwa Mwalimu Bartholomayo,

Shikamoo. Mabel hajambo, yuko darasa la sita sasa na mwandiko wake umenipita.

Umeuliza saba. Nitajibu sita.

Ufunguo hulala kwenye pindo la kanga yangu. Sijampa mtu. Kifuniko nafunga, bawaba yake inakwama, nimesema mara nyingi. Hakuna nyumba inayozidisha, isipokuwa huyo kijana wako Dunstan anayeoga mara mbili kwa siku kama bwana harusi, lakini anaoga kwa fungu lake. Jumapili nafungua mara mbili kama siku nyingine, na mara ya tatu watu wakiwa kanisani.

Kuhusu sabuni. Mume wangu alipokufa, wanaume wa mtaa huu walichimba kaburi tangu asubuhi, udongo mgumu, wengine Waislamu, wengine Wakristo. Hakuna aliyeuliza wanapata nini. Nilitafuta kazi ambayo nami nitaifanya hivyo, nikaona hiyo. Ukinipa sabuni, Mwalimu, utakuwa umenifukuza.

La saba silijibu kwa karatasi. Siogopi. Lakini kuna jambo ambalo mtu mzima haambiwi, huja akaliona. Njoo. Usingoje likizo ya Desemba. Kila mwaka unafika mvua imeshanyesha, mitungi ya watu wote imejaa, unasalimia, unakunywa chai, unaondoka umeridhika. Njoo sasa, kiangazi, hata siku moja.

Ni mimi,
Veridiana, Mama Mabel


Lulindi
2 Oktoba 1956

Mpendwa Dunstan,

Nimepata jibu la Mama Mabel, nakueleza namna ya kulisoma. Mtu mwenye hila hakatai kujibu. Hujibu maswali sita kwa unyoofu ili la saba lipite katikati yao kama mbuzi mwizi katikati ya kundi. Amekiri mwenyewe kwamba Jumapili hufungua mara ya tatu. Maji yanakwenda wapi, hasemi. Anasema nije nione, akijua vyema kwamba mwalimu haachi darasa mwezi wa Oktoba. Kumwita mtu usiyetaka aje ni njia ya zamani ya kujionyesha huna la kuficha.

Ameandika pia maneno ya kaburi la mumewe. Yamenigusa, sikatai. Lakini nakuonya, maneno yanayogusa ndiyo yanayopaswa kupimwa kwa ufito mara mbili.

Itisha mkutano wa wenye nyumba. Mwulize mbele ya wote. Akijibu sawasawa, mwombe radhi kwa niaba yangu. Asipojibu, mpokee ufunguo kwa heshima, umkabidhi Isaka kwa mshahara watakaokubaliana, na umsomee kanuni yangu neno kwa neno. Tangu sasa tangi letu liwe na mtu anayeweza kuulizwa.

Kuna jambo jingine dogo. Ukimwona mtu wa Makote, ulizia kama Emilia, mpwa wangu, amerudi kutoka Nachingwea na mumewe. Mama yake, dada yangu Regina, alihama Makote akajenga jirani na mtaa wetu baada ya kufiwa. Nilimtumia doti ya kanga kwa lori mwezi wa Julai, sijasikia kama ilifika.

Mwalimu wako,
Bartholomayo


Newala
14 Oktoba 1956

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Mambo yamekwisha, na yamekwisha kama ulivyotabiri.

Tulikutana Jumamosi ya juma lililopita, alasiri, barazani kwa Fundi Muharami, nyumba zote tisa. Nilisimama, nikaeleza habari ya ufito na kidole kimoja kila juma. Kisha nikamgeukia Mama Mabel.

"Mama, Mwenyekiti anauliza: maji yanakwenda wapi?"

Akasema, "Yamekwenda yanakotakiwa."

"Na nani?"

"Na mwenye kiu."

Nikasema, "Mama, hiyo si hesabu."

Fundi Muharami akadakia, "Kaa chini, mwanangu. Kuna maswali yanakunywa maji kuliko ng'ombe."

Nikawauliza wengine: yupo anayejua? Mwalimu, ningetamani uwepo uone. Hakuna aliyeinua uso. Mzee Marko alianza kukagua kiatu chake. Mke wake alifunga na kufungua fundo la kanga. Mtu mzima mmoja alishuka barazani kwenda kutema mate akakaa huko huko. Watu wanane, nyuso za hatia! Nikaelewa kwamba mtaa mzima umehongwa, kwa pombe au kwa kitu kingine, na kwamba wewe na mimi tu ndio tulio safi.

Nikasoma agizo lako. Mama Mabel alifungua pindo la kanga, akaweka ufunguo mezani. Akasema, "Bawaba itieni mafuta." Kisha akanikaribia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwambie Mwalimu kwamba ningekuwa nalipwa, haya yasingetokea. Mtu wa kulipwa ana bwana. Ningefuata kanuni yake, na leo pangekuwa na msiba." Sikuelewa, lakini nakuandikia kama alivyosema.

Isaka ameanza kazi. Ni mtu wa ajabu kwa uaminifu. Nimepima jana, maji yameshuka sawasawa na alama, si kidole, si nusu kidole. Hoja yako imethibitika: lipa mtu, ujue anachopata.

Habari za mpwa wako Emilia: wanasema yuko Nachingwea tangu kiangazi cha mwaka juzi, hajarudi.

Nimalizie kwa kichekesho. Juzi nikiwa njiani kwenda dispensari nilikutana na bibi mmoja anayekaa kwenye kibanda cha nyasi kule mwisho wa mikorosho. Amejitwika mtungi, anashika njia ya bondeni, na jua limeshapanda. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, safari hii si ya umri wako."

"Marahaba. Umri wangu hauna kiu?"

"Huna wajukuu?"

"Ninao. Wanakunywa maji ya Nachingwea."

Nikamwambia pole, tangi letu ni la wenye bati, ndivyo kanuni isemavyo. Akauliza, "Kanuni ameandika nani?" Nikamtajia jina lako. Akatabasamu, akaniambia, "Tangu mdogo alikuwa na mwandiko mzuri." Akaenda zake, anaimba.

Sifa zako zimefika mbali, Mwalimu.

Mwanafunzi wako,
Dunstan


Lulindi
18 Oktoba 1956

Mama Mabel,

Kabla ya salamu. Nani alikuwa anamtekea maji dada yangu Regina?

Bartholomayo


Newala
23 Oktoba 1956

Kwa mdogo wangu Bartholomayo, Baba Dorothy,

Anayeandika ni Mabel, anayesema ni mimi Regina. Nimemwambia asipambe maneno. Barua yako ilimfikia mama yake, akaja kunisomea, akaniuliza ajibu nini. Nikamwambia nyamaza, hili ni la tumbo moja.

Kwanza kanga ilifika. Nzuri. Hainyweki.

Umeuliza nani alinitekea. Emilia alinitekea mpaka alipomfuata mumewe, na ulijua ameondoka, maana uliniandikia kumpongeza. Ulidhani ndoo yake imebaki ikiteka yenyewe? Kiangazi cha kwanza nilishuka bondeni mwenyewe. Mama Mabel alinikuta njiani nimekaa, akanibebea mtungi. Kesho yake alileta debe. Jioni debe. Miaka miwili. Fungu lake la nyumba alinipa lote akabaki na kikombe, nikamkatalia. Ndipo akafungua tangi. Nilimwapisha asikuambie.

Usiulize kwa nini. Unajua. Kwetu ndugu wa kike haombi maji kwa ndugu yake wa kiume. Huyo wa kiume akifika, kabla hajakaa, hufunua mtungi akatazama. Ukiwa mtupu, aibu ni yake, na huujaza kabla hajapewa kiti. Wewe hujasahau. Kila Krismasi unafunua. Na kila Krismasi mtungi umejaa, kwa sababu Mungu ameujaza usiku kucha kupitia kwenye nyasi zangu. Unafunika, unasema "Ahsante Mungu, dada hana shida," unakula kuku.

Na wale watu wa mkutanoni walioangalia viatu, ambao kijana wako alisema wana hatia, walikuwa wanakuheshimu. Nani atasimama barazani kwa Muharami aseme, "Maji yanakwenda kwa dada wa Mwenyekiti, yuko chini ya nyasi, anasaidiwa na mjane"? Wangekuvua nguo mbele za watu. Walinyamaza ili ubaki nazo. Kijana hakujua, hana kosa, ni mgeni. Ingawa analala chini ya bati lako, na maji ya paa lako, ndugu yangu, yeye ndiye anayeyaogea. Nasikia mara mbili kwa siku.

Sasa habari za juma lile ufunguo ulipoondolewa. Nilifika bondeni vizuri. Kupanda ndiko kulikonishinda. Mtungi ulianguka, nami nikaufuata. Mtungi umevunjika, mguu haukuvunjika, umevimba kama boga. Nilikaa pale na maji yaliyomwagika mpaka Mama Mabel alipokuta mlango wangu umefungwa asubuhi ya pili. Muharami na Marko na wengine wawili wamenibeba kwa machela, mlima wote, kama Mzungu wa zamani. Muharami alikuwa ananitania njia nzima, ananiambia, "Bibi, ungekula kidogo kidogo, wewe mzito kuliko saruji." Nikamwambia, "Mbebe mtu wa nyumba ya bati uone."

Anayenitunza ni Mama Mabel. Huyo Isaka naye ni kijana mzuri. Alikuja kunipa pole, akalia. Nikamwambia usilie, umelipwa ufuate kanuni, umeifuata.

Unauliza watu wanaofanya kazi bila mshahara wanapata nini. Nasikia umeuliza sana. Basi nami nakuuliza moja tu, si saba. Wewe uenyekiti hulipwi. Unapata nini?

Dada yako,
Regina
(kidole chake Mabel amekichovya wino, hiki hapa pembeni)


Lulindi
28 Oktoba 1956

Mpendwa Dunstan,

Bibi uliyekutana naye njiani ni dada yangu. Tulinyonya ziwa moja. Nilipoanza shule alikuwa ananiamsha, ananinawisha uso kwa maji aliyopanda nayo mlima yeye mwenyewe, ili niende kujifunza mwandiko huu unaousoma.

Sikuandikii kukulaumu. Ulipima vizuri. Mimi ndiye niliyekupa ufito, na ufito hupima maji yaliyotoka, hausemi yameingia wapi. Nilimfundisha mtu mwingine kushuku kwa sababu mimi mwenyewe nilishindwa kuuliza jambo dogo, ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza angeliuliza: aliyekuwa anateka ameondoka, sasa anateka nani?

Utataka kujua basi hoja yetu imeishia wapi, kama wenye nyumba waongozwe na wanaojitolea au na wanaolipwa. Nitakuambia ukweli, hata sasa sijui. Mama Mabel asingekuwa huru kuvunja kanuni yangu kama ningekuwa nimemwajiri, na dada yangu angekuwa amekufa kiangazi cha mwaka jana. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba mtu mwingine mwenye ufunguo huo huo na uhuru huo huo angeweza kuwauzia wapika nipa, kama ulivyohofu, na tusingekuwa na neno la kumshika. Kwa hiyo sijakanusha kila nilichokuandikia mwezi wa Septemba. Nakanusha jambo moja. Nilisema asiyelipwa hujilipa mwenyewe. Mama Mabel hakujilipa. Alikuwa anangoja tumlipe kitu kimoja tu, tumwamini mpaka tutakapokuja kuona wenyewe, na hicho kimoja tulimnyima kwa ushahidi wa kidole.

Dada ameniuliza napata nini katika uenyekiti. Nimekaa na swali hilo siku tatu. Nilikuwa napata kuitwa Mwenyekiti, katika mji ambao sikai, na watu ambao siwaoni wakiwa na kiu. Hayo ndiyo malipo yangu, pamoja na chai na kuku wa Desemba. Mkutano ujao mtachagua mwingine. Kama watanisikiliza, nitamtaja Mama Mabel, naye akikataa, Muharami.

Isaka asifukuzwe. Aendelee na mshahara wake, asafishe milizamu kabla ya mvua na aitie mafuta ile bawaba. Ufunguo urudi kwenye pindo la kanga. Wewe hamia chumba cha nyuma, vile viwili vya mbele nitamwomba Regina akae. Najua atakataa, atasema bati linampigia kelele. Nimekwisha kununua mabati kumi na mawili Masasi, yatakuja nami Alhamisi. Akikataa nyumba yangu, nitaezeka yake, na nitafunga mlizamu mwenyewe. Mwalimu mkuu amenipa siku nne. Nilipomweleza sababu aliniuliza kwa nini sikuziomba mapema.

Barua hii inakuja pamoja na mtungi mpya, umefungwa kwa majani makavu ndani ya kikapu. Nimemlipa turniboi wa lori aupakate magotini mpaka Newala. Usimwambie Regina kwamba nimeutuma ili nisamehewe. Mwambie tu umetoka Lulindi.

Mwalimu wako,
Bartholomayo

Nyongeza. Alhamisi ni mbali kwa mwenye kiu. Leo hii, ukimaliza kusoma, mrudishie Mama Mabel ufunguo, mwombe akufungulie, ujaze mtungi huu mpaka shingoni, umpelekee Regina.